Jino la Sita, Mwaka wa Sita

Njia panda ya Bigwa inajulikana kwa matenga. Akina mama wanaoteremka kutoka Kiroka, Mkuyuni na Matombo hushusha hapo ndizi, mihogo na mafenesi, na wengine huendelea hadi Soko Kuu la Chifu Kingalu mjini. Lakini ikifika wiki ya mwisho ya Desemba, watazame wanaporudi: tenga halirudi tupu. Ndani yake kuna begi jipya la shule, madaftari, soksi nyeupe, na viatu vyeusi vilivyonunuliwa vikubwa kidogo ili vivuke mwaka. Nyumba yenye mtoto wa darasa la kwanza utaijua kwa pilikapilika zake.

Mwaka binti yangu alipoanza shule nami nilikuwa mbioni kama wao. Nilimpeleka kwa fundi akapimwa sare. Nilimkata kucha, nikamnyoa, nikamfundisha kufunga kamba za viatu. Asubuhi ya siku ya kwanza nilimgeuza mbele na nyuma nikaona amekamilika. Haikunijia hata kidogo kumwambia, "Mwanangu, fungua mdomo." Laiti ningemwambia, ningeona kule mwisho wa safu ya meno yake ya utotoni jino pana, jeupe, linachomoza kwenye ufizi kimyakimya, bila jino lolote kung'oka kulipisha.

Alipofika darasa la nne akaanza kushika shavu. Nikampa dawa ya maumivu, nikamwekea karafuu, ile ile ambayo milima yetu inaizaa. Maumivu yakatulia, nikamshukuru Mungu. Yakarudi, nikarudia karafuu. Tuliendelea hivyo wiki kadhaa mpaka asubuhi moja alipoamka shavu limevimba na jicho limefumba. Ndipo nikampeleka hospitali.

Tabibu wa meno alichungulia, akakaa kimya kidogo, kisha akaniuliza, "Mama, hili jino unalifahamu?"

Nikamjibu kwa kujiamini kwamba ni jino la utotoni, litang'oka lenyewe, jingine litaota.

"Hapana, mama. Hili ndilo lenyewe. Nyuma yake hakuna linalokuja."

Liling'olewa siku hiyo. Binti yangu sasa ni msichana mkubwa, na akicheka sana pengo lile huonekana. Yeye hajawahi kunilaumu. Ila mimi nimekuwa nikiwauliza majirani, walimu, mashangazi na mawifi zangu swali lile lile la tabibu, na wengi wamenijibu kama nilivyojibu. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Ndugu zangu wa Bigwa, na ninyi nyote mnaosoma haya mkiwa na mtoto wa miaka mitano, sita au saba nyumbani, nina ombi moja kubwa na mengine madogo yanayolifuata.

Ombi lenyewe ni hili. Mwiteni mtoto sasa hivi. Mkalishe mlangoni penye mwanga, umlaze kichwa pajani mwako, umwambie apanue mdomo. Anza katikati, pale meno mawili ya mbele yanapokutana, uhesabu kuelekea nyuma upande mmoja: moja, mbili, ya mbele hayo, tatu, chonge, nne na tano, magego ya utotoni. Mtoto mdogo ana matano matano hivyo kila upande, juu na chini, jumla yake ishirini. Haya yote yana zamu yake ya kung'oka, na kila moja lina linalolingojea chini. Sasa tazama kama nyuma ya la tano lipo la sita. Likiwapo, hilo si la utotoni. Ni gego la kudumu, la kwanza kuliko yote, na huja mtoto akiwa na miaka kama sita. Jino la sita, mwaka wa sita. Mtoto mwenyewe atalikumbuka ukimwambia hivyo. Yatakuwa manne, moja kila kona, na ndiyo atakayotafunia nyama na mahindi ya kuchoma mpaka awe babu au bibi, tukiyatunza.

Ubaya wa jino hili ni kwamba haliji kwa shangwe. Jino la mbele likilegea nyumba nzima inajua: mtoto analisukuma kwa ulimi, anacheka kwa aibu, anarusha jino lake juu ya paa. Gego la miaka sita halina sherehe. Linaota nyuma, mahali pasipoonekana, hali mzazi ametulia akidhani meno yote yaliyomo mdomoni ni ya kupita. Tena linaota likiwa dhaifu. Gamba lake la nje huchukua muda, hata miaka, kukomaa likawa gumu kama la mtu mzima. Juu yake lina mifereji myembamba, mirefu kwenda chini, ambamo punje ya biskuti ikijishindilia mswaki hauwezi kuikokota. Na kwa kuwa ndiyo kwanza linachomoza, limekaa chini kuliko jirani yake wa tano, kama ngazi. Mswaki unaosukumwa mbele na nyuma hupita juu ya la tano ukaishia hewani. La sita haliguswi.

Basi mfundisheni mtoto, au bora zaidi msugueni ninyi wenyewe, kwa kuingiza mswaki kutokea upande wa shavu, ukiukingamisha juu ya jino lile. Ni sekunde chache kila kona. Mkono wa mtoto wa miaka sita bado haujaweza kazi hii. Anayeshindwa kuandika herufi zikakaa kwenye mstari hawezi kulifikia gego la mwisho. Mzazi aendelee kumshikia mswaki hadi afikie miaka saba au minane, hata kama anasema yeye ni mkubwa.

Wazee wetu walisema jino limeliwa na mdudu, na hawakuwa mbali na ukweli. Kwenye meno hukaa utando laini unaonata, ule ukoga tunaouhisi kwa ulimi asubuhi. Ndani yake wamejaa vijidudu wasioonekana kwa macho, na chakula chao wakipendacho ni sukari. Kila mtoto anapolamba kitu kitamu, vijidudu hawa hula naye, kisha hutoa tindikali inayolainisha gamba la jino. Kazi hiyo inaendelea kwa muda unaokaribia nusu saa. Baada ya hapo mate huanza kurekebisha, yakirudisha madini yaliyotoka. Jino lina uwezo wa kujitibu, na hili ni jambo la kumshukuru Muumba. Doa la kwanza la kuoza ni jeupe kama chaki, na likigunduliwa mapema laweza kurudi nyuma bila kuzibwa. Lakini mate yanahitaji nafasi. Mtoto anayenunua pipi moja akaimaliza palepale amelipa jino lake nusu saa ya shida. Anayetembea na mfuko wa ubuyu wa rangi kutoka saa nne mpaka saa nane, akitia punje mdomoni kila baada ya dakika chache, hajayapa mate nafasi hata mara moja. Hivyo swali la kujiuliza si kiasi tu, ni mara ngapi.

Hapa lazima niseme jambo linalotuhusu sisi watu wa Morogoro kuliko wengine. Sukari ya nchi hii inatoka kwetu kwa sehemu kubwa. Mtibwa iko Mvomero. Kilombero iko kule Kidatu. Na Kilosa, pale Mbigiri, kiwanda cha Mkulazi kimeongezeka. Kuna wajomba waliosomesha watoto kwa panga la kukatia miwa, na sitasema neno baya juu ya jasho lao. Mimi mwenyewe ninanunua sukari. Lakini mkoa unaozalisha kitu unapaswa kukijua vizuri. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba sukari tunayoongeza kwenye chakula na vinywaji isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu tunazopata kwa siku, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 50, na kwamba ikishuka hadi nusu ya hapo, yaani gramu 25 au vijiko vidogo kama sita, ni bora zaidi. Chupa moja ya soda ina vijiko vinane au tisa. Ukimpa mtoto soda ya Jumapili umevuka mpaka kabla ya kuhesabu chai ya asubuhi, uji wa saa nne, barafu ya getini na kashata.

Sisemi tuitoe sukari nyumbani; hatutaweza, na wageni watatusema. Nasema tuipangie saa. Iwe pamoja na mlo, kisha mdomo upumzike. Katikati ya milo kuna maji, na sisi wa chini ya Uluguru tumejaliwa maji. Kuna ndizi, chungwa, karoti na matango. Mtoto aliyezoea chai ya vijiko vitatu akipunguziwa nusu kijiko kila wiki hatagundua, nimeshajaribu.

Mwenye duka karibu na shule, nakuomba wewe pia. Najua pipi ndiyo biashara inayotoka haraka, na ada ya watoto wako inatoka humo. Ninachoomba ni kwamba pale mbele, kwenye macho ya mtoto, uweke karanga, mahindi ya kuchemsha au embe lililokatwa, na pipi zikae nyuma. Na weka miswaki ya watoto, ile midogo yenye nywele laini. Nimezunguka maduka mengi nikiitafuta, nikapata ya watu wazima tu, migumu, ambayo mdomo wa mtoto wa miaka mitatu hauipokei.

Kuhusu mswaki, neno lenyewe lilikuwa la mti kabla halijawa la plastiki. Wenzetu Waislamu wanaulinda mswaki wa mti kwa sunna, na bibi zetu walichuma kijiti cha mwarobaini wakakitafuna ncha ikawa brashi. Kijiti hicho kikitumiwa kwa makini kinaondoa ukoga, na Shirika la Afya Duniani limewahi kuhimiza kitumike pale kilipozoeleka. Asiye na fedha ya mswaki wa dukani asione haya. Kinachokosekana kwenye kijiti ni floraidi, madini yanayoliongezea gamba ugumu, na hayo hupatikana katika dawa ya meno. Mwaka 2021 Shirika hilo liliiingiza dawa ya meno yenye floraidi kwenye orodha yake ya dawa muhimu, orodha ile ile yenye dawa za malaria na kifua kikuu. Soma boksi kabla ya kununua. Liandikwe floraidi, na kiwango kiwe kati ya ppm 1,000 na 1,500. Wapo watakaokuambia floraidi inaharibu meno, wakikutajia ndugu zetu wa Arusha na Meru wenye meno ya kahawia. Ni kweli kwamba kule baadhi ya maji yana floraidi kupita kiasi, na mtoto anayeyanywa tangu utotoni meno yake huota na madoa. Lakini dawa ya kupigia mswaki haimezwi. Mtoto wa chini ya miaka mitatu mtilie kiasi cha punje ya mchele. Wa mitatu hadi sita, kiasi cha punje ya njegere. Akimaliza ateme, asisukutue kwa maji mengi, ili ile floraidi ibaki ikifanya kazi.

Na kama mtashika wakati mmoja tu katika haya yote, shikeni usiku. Tukilala mate hupungua sana, na kilichoachwa kwenye meno hubaki pale mpaka alfajiri. Mtoto anayelala na chupa ya maziwa yenye sukari mdomoni, au anayeamshwa anyweshwe chai ndipo arudi kulala, anaoza meno ya mbele kabla hajatimiza miaka mitatu. Kitu cha mwisho kugusa meno kabla ya usingizi kiwe mswaki.

Sasa niwarudishe nyuma kidogo, kwa sababu kuna habari za Morogoro ambazo wengi wetu hatukusimuliwa. Katika miaka ya 1980, watafiti wa Kiholanzi kutoka Chuo Kikuu cha Nijmegen na wenzao Watanzania walipita katika shule za msingi za wilaya ya Morogoro wakiwapanua watoto midomo na kuhesabu meno yaliyooza. Mmoja wao alikuwa daktari wa meno aitwaye Jo Frencken. Walikuta meno yaliyooza ni machache. Hao watoto waliohesabiwa ndio akina baba na mama wa leo, wengine tayari ni mababu. Tuwaulize walikula nini: watatuambia mihogo, ugali, mboga za majani, matunda ya msituni, na sukari ya sikukuu. Meno mazuri si kitu kigeni ninachowaletea. Yalikuwapo hapa hapa.

Na katikati ya miaka ile ya 1980, Frencken na wenzake walifanya jambo jingine katika nchi hii. Mashine za kutoboa jino zilitaka umeme na maji, na vijijini havikuwapo. Basi wakajaribu kuliziba jino kwa vifaa vya mkono peke yake: kukwangua taratibu ile sehemu laini iliyooza, kuacha iliyo nzima, na kujaza tundu kwa saruji maalumu ya meno inayonata na kuganda. Hakuna mlio wa mashine, na mara nyingi hakuna hata sindano ya ganzi. Njia hiyo ikaendelezwa Thailand na Zimbabwe, na Siku ya Afya Duniani ya tarehe 7 Aprili 1994, ambayo mada yake ilikuwa afya ya kinywa, Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa mataifa yote. Leo inatumika duniani kote, kwa watoto hasa. Saruji ile ile hushindiliwa kwa kidole kwenye mifereji ya jino zima kabla halijaoza, kulikinga. Jino linalofaa kukingwa hivyo kuliko yote ni lile la sita.

Njia hii ilizaliwa Tanzania ili kuokoa meno ya watu wasio na umeme, lakini ukikaa kwenye benchi la kliniki ya meno utawasikia karibu wote wamekuja kung'oa. Wametoka nyumbani wakiwa wameshakata shauri. Baadhi watakuambia hawakujua jino linazibwa. Wengine wanajua, ila wamechelewa: tundu limeshafika kwenye mshipa, na saruji haiwezi tena. Hapo ndipo lilipo kosa letu, na langu mimi likiwamo. Jino tunalipeleka likilia. Halafu likinyamaza lenyewe baada ya kuuma sana, tunashangilia, kumbe mara nyingi mshipa umekufa na ugonjwa umeshuka mzizini. Ile karafuu yangu ilikuwa ikinifariji mimi tu, huku jino linaisha.

Mtoto wa chini ya miaka mitano tunampeleka kliniki kwa kadi, anapimwa uzito, anachanjwa. Anapomaliza chanjo kadi inafungwa kabatini, na hakuna anayetuita tena. Gego la sita linaota katika ukimya huo, baada ya kliniki na mwanzoni mwa shule. Ndiyo maana nawaomba walimu wa darasa la kwanza. Mwalimu, najua darasa lako limejaa na siku haikutoshi. Ila una watoto wote wa mwaka wa sita mbele yako asubuhi moja, jambo ambalo daktari hana. Wafundishe kuhesabu kwa meno yao wenyewe: ulimi uanze jino la mbele, moja, mbili, tatu, nne, tano, na je, la sita lipo? Wakirudi nyumbani wataiuliza familia nzima. Kila mwaka tarehe 20 Machi dunia huadhimisha Siku ya Afya ya Kinywa na Meno, na mara nyingi wataalamu wetu hutoka siku hizo kupima watu bila malipo. Watoto waliohesabu meno mwezi Januari watafika Machi wakijua wanachokwenda kuonyesha.

Lipo jambo zito ambalo nimesita kuliandika, lakini nikiliacha nitakuwa nimewaficha. Tangu miaka ya 1980 yamevuma katika nchi yetu maneno juu ya meno ya nailoni, wengine huyaita meno ya plastiki. Mtoto mchanga anaharisha, ana homa, ananyonya kwa shida. Mtu mzima wa jirani anamfunua ufizi, anaona uvimbe mweupe mahali chonge itakapoota, anasema ndiyo haya, yatolewe la sivyo mtoto atakufa. Mtoto anapelekwa kwa mganga, ufizi unachimbuliwa kwa kisu au kwa chuma kilichonolewa, na kitu laini cheupe kinatolewa. Watafiti wa Kitanzania, Kikwilu na Hiza, waliandika juu ya desturi hii mwaka 1997 baada ya kuichunguza, na haijaisha.

Kile kitu cheupe ni jino lenyewe, changa, halijapata ugumu. Kila mtoto analo, mzima na mgonjwa. Uvimbe ule ni wa kawaida kabisa. Kuharisha kwake kunatokana na maji au chakula kichafu, au virusi, na kunaua kwa kumkausha maji mwilini. Dawa yake ni maji yenye chumvichumvi za kliniki, vidonge vya zinki, maziwa ya mama, na kuwahi zahanati. Mtoto anayechimbwa ufizi anapoteza damu ambayo hana ya kutosha, anaingiziwa uchafu, anaweza kupata pepopunda au maambukizi ya damu, na akipona jino la kudumu lililoko chini huweza kuota limepinda au lisiote kabisa. Na zile siku mbili za kwenda kwa mganga ndizo alizohitaji maji.

Nawaza juu ya hili na juu ya gego la binti yangu, naona ni kitu kimoja. Hatuyajui meno ya watoto wetu. La kudumu tuliliita la utotoni tukaliacha lioze, na changa lisilo na hatia tukaliita adui tukaling'oa. Kwa hiyo nawageukia wakubwa wa koo. Kwetu Uluguruni mtoto hufuata ukoo wa mama, na neno la mjomba lina uzito ambao neno la muuguzi halina. Wajomba, mtu akija kuwataka ushauri kwamba mtoto ana meno ya nailoni, semeni ninyi: apelekwe zahanati leo hii. Nauli mchange. Bibi, wewe uliyezalisha wengi na kulea wengi, binti mwenye mtoto wa kwanza anakutazama wewe usoni kabla hajaamua. Ukitikisa kichwa kuukataa uchimbaji ule, mtoto amepona. Mapadre na mashehe nao wana Ijumaa na Jumapili, na dakika tano zinatosha.

Mengine nayapitia kwa haraka. Mama mjamzito ambaye fizi zinatoka damu asiache mswaki kwa kuogopa damu. Asugue polepole, na aseme kliniki. Baba anayevuta sigara au kutia ugoro, kidonda cha mdomoni kisichopona kwa wiki mbili kionwe na daktari. Mwenye kisukari aangaliwe fizi, maana fizi mbovu na sukari ya damu huchocheana. Kila mtu nyumbani awe na mswaki wake, ubadilishwe ukichakaa, na usichangiwe.

Niseme sasa mimi mwenyewe nitafanya nini, kwa sababu si haki kuwatuma watu nikabaki ndani. Jumamosi ya kwanza baada ya shule kufunguliwa, kuanzia saa tatu asubuhi, nitatandika mikeka barazani kwangu. Mimi si tabibu na sitamtibu mtu. Tutawalaza watoto pajani mwa mama zao na kuhesabu meno mpaka la sita. Tutaonyeshana namna ya kuukingamisha mswaki kutoka shavuni. Atakayeonekana na doa jeupe kama chaki, au la kahawia, au kishimo, jina lake litaandikwa, na Jumatatu wazazi watakwenda pamoja kliniki ya meno, tukiwahi kabla jino halijauma, tukiuliza kwa sauti kama linazibika. Binti yangu amekubali kushika tochi. Amesema atawaonyesha watoto pengo lake, wapitishe kidole, wajue linavyokuwa.

Uji utakuwapo, bila sukari. Mje na mswaki wa mtoto. Asiye nao aje vilevile, nimeshanunua ile midogo.